Maswali Yenu: Kichaka cha Asili Kimechoka, Tuanzie Upande Gani?

Barua za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja: kichaka cha asili kilichovamiwa na magugu, kilichokatwa ovyo, au kilichochomwa mara nyingi hadi hakitambuliki tena. Nimeifanya kazi ya kurejesha uoto wa asili kwa miaka 26. Nilianza nikiwa kibarua wa kung'oa magugu kwa mikono, nikawa msimamizi wa kikosi, na siku hizi napanga kazi na kuikagua. Nimechagua barua 7 na kuzifupisha kidogo.

Shikamoo Mama. Marehemu baba ametuachia ekari 11 za kichaka cha asili. Alipokuwa mzima tulikuwa tukitembea humo naye, akitutajia miti kwa majina. Sasa karibu robo tatu imefunikwa na gugu la lantana, hata kupenya huwezi. Kaka yangu mkubwa anataka tukodi tingatinga lisafishe eneo lote kwa siku mbili, kisha tupande miche. Mimi moyo unasita, lakini sina hoja ya kumwambia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Moyo wako una haki ya kusita, na hoja zipo. Tena ni hoja za kumwonyesha kaka kwa macho, hamna haja ya kubishana.

Tingatinga litaondoa mashina na matawi ya lantana, hilo ni kweli. Litaacha visiki vilivyokatikakatika, navyo vitachipua. Litaacha mbegu zilizolala kwenye udongo zikingoja mwanga, na mwanga ndio huo mtakuwa mmeuleta kwa siku mbili. Litang'oa pia mizizi ya miti ya asili iliyokuwa bado hai chini ya hayo magugu, litashindilia udongo kwa uzito wake, na mvua ya kwanza itaondoka na udongo wa juu ambao ndio wenye rutuba na mbegu za asili. Mtapanda miche kwenye jeraha. Miezi minane baadaye mtakuwa na lantana changa, yenye afya kuliko hii mliyonayo, na miche imezama ndani yake.

Sasa, kabla ya kushika panga, shika daftari. Tembea eneo lote, hata ikichukua siku tatu. Chora ramani ya mkono na uigawe kwa rangi tatu. Kijani ni pale ambapo mimea ya asili bado imetawala na magugu ni machache. Njano ni pale panapochanganyika. Nyekundu ni pale lantana imefunga kabisa. Watu wengi wakishamaliza ramani hii hukimbilia kwenye nyekundu, kwa sababu ndiko kunakouma macho. Nyinyi anzeni kwenye kijani.

Najua inasikika kinyume. Mpangilio huu uliwekwa wazi na madada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, ambao miaka ya 1960 walianza kung'oa magugu kwenye vichaka vya asili karibu na kwao. Waliona kwamba kila eneo lililofyekwa kwa mkupuo lilirudiwa na magugu mengi kuliko ya mwanzo. Wakajiwekea kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo naanza nazo kumfundisha kibarua mpya: kwanza, toka palipo pazuri uelekee palipoharibika; pili, usivuruge udongo kuliko inavyolazimu, na majani makavu yaliyotandaa chini uyarudishe ulipoyakuta; tatu, kasi ya kazi yako iamuliwe na kasi ya mimea ya asili kurudi. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Ina maana kwamba mkisafisha ukanda wa mita 3 pembezoni mwa lantana, mnasimama hapo mpaka ukanda ule ujae mimea ya asili, hata kama mna nguvu na hela ya kuendelea.

Nawaambia haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuyapuuza. Mwaka wangu wa tatu nikiwa msimamizi, tulikuwa na fedha ambazo lazima zitumike kabla mwaka wa hesabu haujafungwa. Nikakubali kufyeka nusu hekta kwa wiki moja. Siku ya kukabidhi palionekana safi, kila mtu akapiga picha. Mvua iliponyesha, palipokuwa na lantana pakafunikwa na gugu lingine kabisa, la kutambaa, lililopanda hadi kwenye miti mitatu mizuri iliyokuwa imebaki na kuielemea. Ndege wadogo waliokuwa wakijificha ndani ya lantana walikosa pa kukaa, wakahama. Kupatengeneza kulituchukua miaka 4, na mti mmoja kati ya ile mitatu hatukuuokoa.

Jambo hilo la ndege mlizingatie. Lantana ni mgeni kutoka nchi za joto za Amerika, ilisambazwa duniani kama ua la bustani, na majani yake yana sumu kwa mifugo. Hata hivyo, mahali ambapo vichaka vya asili vimekwisha, imekuwa ndiyo nyumba pekee ya wanyama wadogo. Iondoeni kwa vipande, na kipande kinachofuata kisiguswe mpaka kile cha kwanza kimefunga kiasi cha kumficha ndege.

Hoja ya kumwonyesha kaka ni hii. Nenda naye pembezoni mwa lantana, pale kivuli chake kinapoishia, mpige magoti. Fukueni majani makavu kwa vidole, taratibu. Mwanzoni mtaona udongo mtupu. Kaeni hapo dakika 10, macho yatazoea, na mtaanza kuona maotea: kijiti chembamba kama uzi, majani mawili, mengine bado yamevaa ganda la mbegu kichwani. Kwenye kichaka kimoja ambacho wenyewe walishakikatia tamaa nilihesabu maotea 14 ya miti na vichaka vya asili katika mraba wa mita 1 kwa mita 1. Halafu tafuteni visiki vinavyoonekana vimekufa. Kwaruzeni ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Mkikuta kijani chini yake, kisiki kile ki hai, na kina mizizi ambayo mche wa kitaluni utaitafuta kwa miaka mingi usiipate.

Mwombe kaka msimu mmoja na robo ekari tu. Lantana changa ing'oeni kwa mkono baada ya mvua udongo ukiwa laini, kung'uteni udongo urudi shimoni, kandamizeni kwa kisigino. Kubwa ikateni chini kabisa na mchimbue kitako cha shina. Matawi msiyaache yalale kwenye udongo wenye unyevu kwa sababu yanaota mizizi. Yarundikeni juu ya gogo kavu. Mwisho wa msimu mpeleke kaka kwenye robo ile, kisha mjadili tingatinga.

Mama, kwa nini wataalamu mnapenda kufanya mambo yawe magumu? Kikundi chetu cha vijana kina miche 5,000 ya bure. Si tuipande tu kwenye hilo pori lililoharibika?

Miche gani, na pori la namna gani? Hayo mawili hukuniandikia, na ndiyo jibu lote.

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa urejeshaji wa ikolojia kilieleza kazi hii mwaka 2004 kwamba ni kusaidia mfumo ikolojia uliodhoofika, ulioharibiwa au ulioangamizwa uweze kujirudia wenyewe. Shikilia neno kusaidia. Mahali ambapo visiki na mbegu bado vipo, msaada ni kuondoa kinachovizuia: mifugo, panga, moto wa kila mwaka, gugu. Mahali ambapo baadhi ya aina zimepotea na nyingine zipo, unaongeza zile zilizokosekana tu. Kupanda karibu kila kitu ni kwa mahali ambapo udongo wenyewe umekufa, kama kwenye machimbo.

Yuko Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, aliyefanya kazi mkoa wa Maradi nchini Niger. Miche aliyokuwa akiipanda ilikufa karibu yote. Mwaka 1983 alisimama njiani kupunguza upepo kwenye matairi ya gari ili apite kwenye mchanga, akatazama kijani kidogo kando ya barabara, akagundua kwamba alichokuwa akikiita kichaka ni machipukizi ya kisiki cha mti uliokatwa. Uwanda wote ule ulikuwa na mizizi hai. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache kwa kila kisiki, kupogoa mengine na kuyalinda, na leo eneo lililorudiwa na miti kwa njia hiyo nchini Niger linakadiriwa kufika hekta milioni 5. Kule Shinyanga nako, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliokwenda kutoka 1986 hadi 2004 ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kufungwa, na sehemu kubwa ilirudi kutokana na mizizi na mbegu zilizokuwa tayari ardhini baada ya watu kukubaliana kulifunga eneo.

Na kama pori lenu kwa asili ni mbuga ya nyasi yenye miti michache iliyotawanyika, basi hiyo miche 5,000 ni uharibifu mwingine. Kivuli kitaua nyasi, na viumbe wote waliozizoea nyasi watakwenda nazo. Niandikieni tena mkitaja aina za miche. Kama ni miti ya kigeni inayokua haraka, nawasihi muipande kwenye shamba la kuni, mbali na hapo.

Mama, mwezi uliopita ulinijibu nitandaze nyasi kavu kwenye udongo ulio wazi ili kuzuia magugu. Nimefanya hivyo, na magugu yameota kutoka kwenye hizo nyasi zenyewe. Nimevunjika moyo.

Pole sana, na kosa ni langu. Sikukuuliza nyasi utazitoa wapi. Nyasi zilizokatwa zikiwa zimeshatoa mbegu huja na mbegu zake zote. Ondoa zilizobaki sasa hivi, kabla magugu hayo hayajachanua, na mahali pake tumia majani na vijiti vilivyoanguka ndani ya kichaka chako mwenyewe, kutoka sehemu nzuri. Hata hivyo usizidi unene wa vidole viwili, maana maotea nayo yanahitaji kupenya. Yale yaliyokwisha kuota yang'oe baada ya mvua, ukiyakamata chini kabisa.

Nasikia mnatumia dawa ya kuua magugu ndani ya vichaka vya asili. Samahani Mama, lakini hiyo si kukiua kichaka mara ya pili? Mimi kwa imani yangu dawa haingii kwenye ardhi yangu.

Usiombe samahani, mwanangu. Swali lako ni la haki, na uamuzi wako nauheshimu. Kama una eneo dogo na mikono ya kutosha, unaweza kufika bila tone la dawa. Madada wale wa Sydney walitegemea mikono na vifaa vidogo.

Ila niruhusu nikuonyeshe jinsi tunavyoitumia, kwa sababu picha uliyo nayo kichwani nadhani ni ya mtu aliyebeba pampu mgongoni akinyunyiza kila kitu. Ndani ya kichaka chenye mimea ya asili simruhusu mtu huyo aingie. Sisi tunakata na kupaka. Wanakwenda wawili wawili. Mmoja anakata shina la gugu sambamba na ardhi, wa pili anafuata nyuma yake na kichupa chenye sponji mdomoni, anapaka mara moja kwenye ule mduara mwembamba wenye unyevu ulio chini ya ganda. Hapo katikati penye mti mgumu hapapakwi, hapapitishi kitu. Akichelewa dakika chache jeraha linajifunga na dawa haishuki kwenye mizizi, kazi imeharibika. Dawa imetiwa rangi ya buluu ili tujue kisiki kipi kimepakwa, na ili tone likianguka kwenye jani la jirani tulione na kulikata. Glavu ni lazima. Karibu na maji natumia sururu, na kwenye mteremko mkali ambako kuchimbua kisiki kutaporomosha udongo ndipo napendelea kichupa.

Kwangu mimi swali ni lipi linavuruga kidogo zaidi mahali hapa. Kung'oa kisiki kikubwa chenye mizizi iliyojisokota na ya mti wa asili kunaweza kuwa ukatili kuliko matone matatu ya dawa.

Umeuliza pia kwenye barua yako kuhusu kutumia wadudu. Inawezekana, lakini ni kazi ya taasisi za utafiti, si ya mtu binafsi. Mwaka 1926 Australia ilianza kuachia nondo kutoka Argentina aitwaye Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake hula mpungate. Mpungate ulikuwa umefunika mamilioni ya hekta, na kabla ya miaka 10 kutimia sehemu kubwa ilikuwa imeoza. Nchi hiyohiyo mwaka 1935 ilileta chura wakubwa ili wawale mende wa miwa. Mende hawakuisha, na chura wamekuwa janga hadi leo. Yule nondo alikuwa amejaribiwa kwanza kwenye mimea mingine kuona kama ataila. Chura hali kitu kimoja tu; hula kila kinachoingia mdomoni.

Jirani yangu anasema kichaka cha asili kinahitaji kuchomwa ndipo mbegu ziote. Mwingine anasema moto ndio ulioua kichaka chetu. Nimsikilize nani?

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa kichaka chake. Kuna mimea ambayo mbegu zake zina ganda gumu, hazioti mpaka joto la moto lilipasue. Kuna nyingine huamshwa na moshi wenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walitambua kemikali iliyomo kwenye moshi wa mimea inayofanya kazi hiyo, na vitalu vingi sasa huloweka mbegu kwenye maji yaliyopitishiwa moshi. Msitu wa unyevunyevu wenye kivuli kizito, kwa upande mwingine, haujui moto. Ukichomwa mara moja, lantana na nyasi ndefu huingia pembezoni, zinakauka, zinaungua tena mwaka unaofuata kwa moto mkali zaidi, na kila mwaka msitu unarudi nyuma mita kadhaa.

Tazama maganda ya miti mikubwa mliyonayo. Ganda nene lenye nyufa, lililoungua zamani na mti ukaendelea, linakuambia kitu. Ganda laini, jembamba, na makovu ya moto yaliyooza linakuambia kingine. Kisha usiwashe chochote mpaka mtaalamu wa moto wa eneo lenu amekuja, amepima unyevu na upepo, na mmechoma kipande kimoja kidogo huku vingine vikiwa kimbilio la wanyama. Na jiandaeni kung'oa magugu wiki chache baadaye, maana moto huamsha mbegu zao pia. Moto usiofuatiwa na kung'oa ni bora usiwashwe.

Kamati yetu ina fedha za kuajiri kampuni irejeshe ekari 40 za uoto wa asili. Zimekuja kampuni tatu, zote zina vitabu vizuri vya picha. Tutamjuaje mtaalamu wa kweli?

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu fedha nyingi za kazi hii hupotelea hapa.

Msianze na vitabu vya picha. Mwambieni kila mmoja: tupeleke mahali ulipofanya kazi miaka 5 iliyopita. Asiye na mahali pa kuwapeleka, au anayetaka kuwapeleka pa mwaka jana tu, mshukuruni mumwache aende. Mkifika, msitazame juu kwenye miti. Tazameni chini. Kama chini ya miti iliyopandwa kuna maotea ya mimea ya asili ambayo hakuna aliyeipanda, eneo limeanza kujiendesha. Kama chini kuna udongo mtupu au gugu moja tu, mnatazama shamba la miti.

Kisha muingie nao kwenye eneo lenu bila taarifa ndefu, na mumwombe yule atakayesimamia kazi (si mkurugenzi, bali yule atakayekuwa na vibarua kila siku) awatajie mche mchanga wa asili na mche mchanga wa gugu vikiwa na majani manne manne. Kazi yote inasimama hapo. Niliwahi kuitwa kukagua eneo ambalo mkandarasi mmoja alilipwa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Vibarua wake walikuwa hodari kweli, wamepanda kwa mistari iliyonyooka kama uzi. Kabla ya kupanda walikuwa wamefyeka kila kilichokuwa kidogo, pamoja na maotea ya aina zilezile walizokwenda kuzinunua kitaluni. Nilisimama pale nikashika mche wa kununuliwa, uliokauka, na sentimita 20 pembeni yake kikawapo kisiki cha mti uleule, kimekatwa kwa panga, kinachipua upya. Sikuwa na la kuwaambia wanakijiji waliokuwa wamenisindikiza. Walikuwa wametoa maji, wametoa ulinzi.

Kwa hiyo mkataba msiufunge kwa miche. Ulipeni kwa hali ya eneo: mimea ya asili imefunika kiasi gani cha ardhi, magugu yamebaki kiasi gani, aina ngapi za asili zinaota zenyewe, vikipimwa kwenye miraba ileile kila mwaka. Gaweni malipo kwa miaka mitano au zaidi, na msikubali mpango unaomaliza sehemu kubwa ya fedha mwaka wa kwanza. Kung'oa kwa mara ya kwanza ndiko rahisi. Anayeharibu kazi ni yule asiyerudi baada ya wiki 8, na tena baada ya miezi 6, kushika magugu yaliyoota upya kabla hayajatoa mbegu.

Waulizeni mbegu wanatoa wapi. Jibu zuri lina majina ya mahali, linataja mimea mama mingi na si mti mmoja uliozaa sana kando ya barabara, na linataja kikomo. Mimi vikosi vyangu haviruhusiwi kuchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mbegu zilizoiva mahali pamoja, kwa sababu ndege, panya na msitu wenyewe wanazitegemea.

La mwisho ni viatu. Mtazameni mtaalamu anaposhuka garini. Anayejua kazi hupiga brashi soli za buti zake na panga lake kabla ya kuingia. Kiumbe kidogo kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kinachoozesha mizizi, kimeangamiza uoto wa asili katika maeneo makubwa ya Australia Magharibi, na moja ya njia zake za kusafiri ni tope la kwenye viatu na matairi. Magugu nayo husafiri hivyohivyo. Kampuni inayoingia na tope la kazi ya jana inaweza kuwaletea tatizo jipya siku ileile ya kwanza.

Mama, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71. Nina ekari 3 za kichaka, mgongo wangu si wa kung'oa siku nzima. Wajukuu wananiuliza nitapata faida gani kwa kitu ambacho sitakiona. Je, nitakiona?

Shikamoo Mwalimu. Utakiona, lakini si chote, na sitakudanganya kuhusu ile sehemu ambayo ni ya wajukuu. Mti mkubwa wenye tundu la kulala bundi huchukua miaka mingi kuliko niliyo nayo hata mimi.

Nikupe hesabu kutoka kwenye daftari langu, kipande kimoja cha robo ekari, ardhi yenye visiki hai. Mwaka wa kwanza kazi ya kung'oa ilichukua saa 40 za mtu mmoja. Mwaka wa pili saa 22. Mwaka wa tatu saa 9. Mwaka wa sita nilikwenda peke yangu, nikamaliza kwa saa moja na nusu, na nusu ya muda huo nilikuwa nimekaa. Mgongo wako utatosha kabisa ukichukua robo ekari moja kwa wakati mmoja na kumlipa kijana afanye ile ya mwaka wa kwanza, wewe ukiwa mwenye macho. Umefundisha watoto miaka yote hiyo. Kutambua sura ya mmea ukiwa na majani manne hakutakushinda.

Katika mwaka wa pili utaanza kuona machipukizi yaliyokuwa kwenye goti yamefika begani. Utandaji wa majani chini utaanza kushikana, ukiuinua utakuta nyuzi nyeupe za kuvu zimeyaunganisha majani, na udongo chini yake umepoa na unanukia. Buibui hurudi mapema, kabla ya ndege. Asubuhi yenye umande utaona utando kati ya mashina ambayo mwaka uliopita hayakuwapo. Mwaka wa nne au wa tano, kama kuna kichaka kingine cha asili si mbali sana, utakuta mche wa aina ambayo hukuwa nayo kabisa, umeletwa na ndege au popo. Mimi nilipoupata wangu wa kwanza nilikaa chini kando yake hadi jua likazama.

Fanya hivi wiki hii. Simika vigingi vinne vya chuma, kimoja kila kona ya ile robo ekari ya kwanza, uvipake rangi nyeupe juu. Simama kwenye kila kigingi, kamera ikiwa kwenye kimo cha bega, elekeza katikati, piga. Andika tarehe na saa. Rudia kila baada ya miezi 6, palepale, saa ileile. Wape wajukuu kazi hiyo ya kupiga picha. Na nitumie zile nne za kwanza kabla kijana hajakata hata tawi moja, ili nikuambie tuanzie kona ipi.